Revolva ya .38, Glock 19 au P365: zote nimezibeba hapa Texas, njooni tubishane

MgosiWaHouston
Wakuu salaam. Kila wiki kuna mtu ananifata inbox "kaka bastola gani nzuri ya kubeba", nimechoka kujibu mmoja mmoja naweka hapa. Mimi kwetu Tanga, Houston huu mwaka wa tisa, na hizi tatu nimekaa nazo kiunoni sio za kuangalia yutubu.

Glock 19. 9mm, magazini inabeba 15. Renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, ni raha tupu, teke lake ukipiga ni la kistaarabu, mkono ukishaizoea matundu yanakaa pamoja mpaka jamaa wa pembeni anachungulia karatasi yako. Shida kiuno. Mimi mwembamba, nikivaa fulana mgongo wa bastola unajichora wote. Siku moja nimenyoosha mkono kuchukua unga rafu ya juu pale duka la Waafrika, fulana ikapanda, mama mmoja kaniangalia kiunoni halafu usoni, hakusema neno ila toroli lake lilikata kona kama daladala inakimbia trafiki.

Revolva, S&W 642. Risasi 5, nyundo imefichwa ndani kwa hiyo hainasi mfukoni ukiichomoa, ina kama gramu 420 tu. Wauzaji wengi wanamsukumia mtu mgeni hii eti rahisi. Rahisi kuielewa kweli, kuipiga SIO rahisi. Triga nzito, saiti ya kulengea ni kijimfereji tu juu ya mtutu, na kwa vile nyepesi teke lote linaishia kiganjani, piga 25 uone kama utataka ya 26. Na risasi za .38 zinakula hela kuliko 9mm.

P365. Hii kampuni ya SIG walitoa 2018, risasi 10 kwenye kitu kinachopotea ndani ya shati. Renji sina mapenzi nayo, vidole vinagombania nafasi, lakini ndio ninayobeba. Glock ninayoipenda imekaa kwenye sefu siku sita za wiki, hapo ndipo nilipoelewa kwamba ya kuchezea renji na ya kutembea nayo ni vitu viwili, na za kukusanya ni ugonjwa mwingine kabisa nitausema chini. Usinunue moja ukategemea ifanye kazi zote tatu.

mamaTwins_DFW
Mgosi umeandika kama mwanaume, mkanda, fulana, kiuno. Sasa mimi nikivaa dera niifunge wapi?? Mimi ni nesi, shifti ya usiku, skrabu ziko na kamba tu hapo kiunoni, ukiweka hata simu zinateremka. Nilianza na hiyo revolva yako juu mzee wangu alisoma mahali ati ndio ya wanawake, kidole kilikuwa kinatetemeka kabla triga ifike mwisho, ile karatasi nilipiga kila mahali isipokuwa katikati. Nikabadilisha nikachukua bastola ya Shield EZ, slaidi yake, kile kipande cha juu cha kuvuta nyuma, hata mikono imechoka inavuta. Sasa nabeba na ule mkanda mpana wa tumbo chini ya dera, ni joto lakini inakaa. Mkoba hapana, nina mapacha wa miaka minne na kwa mkoba wangu ndio wanatafutanga peremende.

MgosiWaHouston
@mamaTwins_DFW hapo umenikamata, dera sikuliwaza kabisa 😂 Na kazini unaiachaje?

mamaTwins_DFW
Kwa gari, kwa kasefu kadogo kamefungwa na waya chini ya kiti. Sipendi, magari yanavunjwa hapo parking kila siku, lakini hospitali ndani haiingii. Siku nyingi naiacha tu nyumbani. Najua mtasema basi haina maana.

ndugu_wa_Kasarani
Hakuna mtu anasema hivyo madam. Mimi niko Nairobi na nina leseni, nawasoma nikicheka vile mnanunua bunduki kama viatu. Huku unaandika kwa nini unaitaka, unachunguzwa, unangoja, na mwisho wa 2018 sisi wote tulioshapewa tuliambiwa turudi tuhakikiwe upya, nilipanga laini na wazee wamebeba mafaili ya miaka ya themanini. Na huku hakuna kuonyesha, ikionekana ni shida. Lakini watu wakumbuke shambulio la Westgate 2013, kati ya waliotangulia kuingia kutoa watu kulikuwa na raia wenye leseni na bastola zao za kiunoni.

Kwa swali lenyewe, Glock 19. Huku ukipewa leseni ya bastola unachagua vizuri juu hutabadilisha kila mwaka, so moja ya kufanya kila kitu ndio sisi tunataka. Ushauri wako wa kununua tatu ni wa watu wako na pesa.

MgosiWaHouston
Hapo sawa, kama ni moja tu na huna kurudi nyuma hata mimi 19.

F1_msongo
Mkuu mimi niko Texas na viza ya mwanafunzi, classmate kasema twende renji Jumamosi ataniazima yake, hiyo si haina shida? Maana nasikia Texas siku hizi hata kibali hakuna.

MgosiWaHouston
@F1_msongo SIMAMA HAPO HAPO. Hiyo ya kibali ni sheria ya jimbo, kuanzia 1 Septemba 2021 mwenye miaka 21 ambaye sheria haimzuii kumiliki anaweza kubeba bastola bila leseni. Wewe sheria ya shirikisho INAKUZUIA. Viza ya muda kama F-1, hiyo yako ya mwanafunzi, huruhusiwi kushika bunduki wala risasi, hata za kuazima, hata renji, isipokuwa uwe kwenye misamaha michache, unaotumika sana ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Usiende kwa maneno ya classmate, muulize wakili wa uhamiaji, dakika kumi za renji zisikuharibie makaratasi ya miaka kumi.

Na hata kwa tuliohalalika mimi leseni ya Texas nilichukua vilevile, ukivuka jimbo ile ya bila kibali haikufuati, leseni majimbo mengi wanaitambua. Nikinunua dukani fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, najaza kama kawaida ila hawana haja ya kusubiri jibu la FBI.

mamaTwins_DFW
Holsta, ule mfuko wa kuwekea bastola, hujasema. Holsta ni nusu ya usalama.

MgosiWaHouston
Kweli. Mimi nilianza na ya kitambaa ya dola 12. Jioni moja nimevaa traki, narudisha Glock kwenye holsta nikahisi kitu kinagoma, nikasita. Kuangalia, kamba ya traki imeingia kwenye kikingio cha triga. Ningesukuma kidogo tu na Glock haina kile kifungo cha usalama cha pembeni. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba kama robo saa. Kesho yake nikanunua ya Kydex, plastiki ngumu, inafunika triga yote, na kurudisha siku hizi naangalia kwa macho, hakuna haraka ya kurudisha.

Ijumaa pia mjue, ukibeba mbele ya tumbo sijda ya kwanza tu inakuchoma mbavu. Siku hiyo inabaki kwenye sefu nyumbani.

Sasa ugonjwa wa kukusanya. Mimi nina raifo mbili tu ninazozipenda kuliko bastola zote: Lee-Enfield ya .303 ya 1917, na Mauser ya 1871. Mtu wa Tanga ataelewa. Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wameshuka Tanga na meli wakitarajia mteremko, askari wengi wa Mjerumani wana hiyo Mauser ya zamani, risasi moja moja, baruti nyeusi, ukipiga moshi unakutangaza ulipo, na bado Mwingereza alirudi melini kaacha mamia ya raifo za kisasa na risasi laki sita ufukweni. Vita vilivyofuata walipigwa na risasi zao wenyewe. Nikiweka zile mbili ukutani naona mji wetu. Halafu cha kuchekesha, Mauser kwa vile imetengenezwa kabla ya 1899 sheria ya shirikisho inaiita kitu cha kale, inakuja kwa posta kama redio. Hiyo .303 niliipata kwa leseni ya wakusanyaji, dola 30 kwa miaka mitatu, ya silaha zilizozidi miaka 50, daftari la kila unachoingiza na kutoa lazima.

MushiKadutu
Miye nawasoma tu, sikutaka kusema kitu. Mu 1996 nilikuwa na miaka saba pale Bukavu, tulilala chini ya kitanda siku mingi sababu ya hizo vitu mnaziandika hapa na mapenzi. Jirani yangu Mzungu hapa Fort Worth alinionyesha zake zote, moja moja, sawa mutu anakuonyesha picha za watoto. Ni mutu muzuri sana. Nilitoka mule jasho imenishuka ku mgongo. Kwangu haiingii hata moja, bibi anajua, watoto wanajua.

mamaTwins_DFW
Pole sana ndugu.

MgosiWaHouston
@MushiKadutu kaka sina la kukubishia hata moja.

MushiKadutu
Si kubishana. Ila ile ya Tanga umenigusa, babu ya baba alikuwa askari wa Wabelgiji, kwetu wanasema alifika Tabora na miguu mu 1916. Hatuna hata picha yake. Hiyo ya 1917, unaipelekaka ku renji?

MgosiWaHouston
Jumapili hii saa nne asubuhi ipo. Nje ya mji, wazi, sio ile ya ndani yenye kelele za ukuta. Nitaiweka juu ya meza bolti, kile chuma cha kufungia risasi, imetolewa kabisa, uiangalie uondoke.

MushiKadutu
Nitakuja kuishika tu. Kupiga hapana. Leta vya kufunika masikio viwili.