Kikombe cha methadoni: ni dawa, au ni unga uliobadilishwa jina?

DADA WA BARANI, Malindi (mwanzisha mada)

Assalam aleikum jamani. Juzi kwenye hitma ya jirani, mzee mmoja tunayemheshimu sana mtaani alisema mbele ya watu kwamba vijana wanaokwenda kunywa methadoni, ile dawa wanayopewa walionaswa na unga wa heroini, kila asubuhi "wametoka mikononi mwa muuza unga wakaingia mikononi mwa serikali". Watu wakaitikia. Ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa palepale akigawa sinia za pilau, na yeye ni mmoja wa hao. Aliliweka sinia chini akatoka.

Sikumjibu mzee pale, hapakuwa mahali pake. Najibu hapa, na kila mtu aseme lake.

Unga ukiingia mwilini hufika kwenye ubongo kwa dakika chache, na huko hugeuka mofini. Ubongo wetu una vipokezi, yaani nafasi za kupokelea, vilivyowekwa kwa ajili ya vitulizo ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe. Wataalamu walivithibitisha vipokezi hivyo 1973, na vitulizo vya kwanza vikajulikana 1975. Unga huja ukakalia nafasi hizo zote. Mtu akitumia kila siku, mwili huzoea kuwa na mgeni huyo, na siku mgeni asipokuja kila kitu kinakwenda mrama. Zikipita saa chache tu arosto inapiga hodi: miayo, kamasi, tumbo kukata, mifupa kuuma, jasho na baridi kwa pamoja. Ndugu yangu alikuwa akiamka saa kumi za usiku kutafuta kete, na raha haikuwemo tena. Alikuwa anakimbia maumivu.

Methadoni nayo hukalia vipokezi vilevile. Hapo mzee amesema kweli, nami sifichi: ni ukoo mmoja na unga. Lakini ikinywewa hupanda polepole, haimrushi mtu, na dozi iliyopimwa vizuri humshika siku nzima. Anakunywa mara moja mbele ya muuguzi na arosto haimgusi mpaka kesho. Mwenye saa ishirini na nne bila arosto anaweza kusimama kwenye mjengo kutwa nzima akichanganya zege. Mwenye saa tano tu hawezi, hata awe na imani ya mlima.

MWALIMU WA CHUO, Lamu

Waaleikum salaam. Dada, pole kwa yaliyomkuta nduguyo, kumuumbua mtu hitimani si adabu. Ila mzee ameuliza jambo ambalo hukulijibu: mpaka lini? Hapa Langoni namjua kijana aliyehama akaenda kupanga chumba huko kwenu Malindi ili awe karibu na dawa. Miaka ikapita, mke akabaki huku na watoto. Hakuna aliyemtajia siku ya kumaliza. Dawa ya malaria ina siku zake. Hii mbona haina?

Na kuna habari ya askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorudi 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amenaswa na heroini akiwa kule. Mwaka wa kwanza nyumbani, katika hao walionaswa, waliorudia uraibu walikuwa kama watano kwa kila mia. Wengi wao hawakupewa tiba yoyote. Kilichobadilika ni mahali na watu waliowazunguka. Basi kwa nini nguvu zetu zisiende kuvunja maskani wanapovutia unga na kuwapa vijana kazi, badala ya kuwapangia foleni ya maisha?

MUUGUZI, Malindi

Nimefanya kazi na watu hawa, nitasema niliyo na hakika nayo.

Siku hatari kwa mraibu ni zile za baada ya kuacha. Mwili ukikaa wiki kadhaa bila unga husahau ule uzoefu. Akirudi mtaani akapiga kipimo chake cha zamani, pumzi inakata. Ndiyo maana mtindo wa kumfungia kijana chumbani mwezi mmoja, kisha kumwachia, unaua. Mwaka 2017 zilikusanywa tafiti za nchi nyingi: kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, walio kwenye methadoni walikufa kama 11, na walipotoka kwenye matibabu vifo vikawa kama 36. Ni zaidi ya mara tatu.

Kuhusu kukata unga usiingie, tuliwahi kuonja. Desemba 2010 unga uliadimika Pwani, arosto ikawaangusha watu kwa mkupuo. Uraibu haukwisha kwa sababu hiyo.

Kenya ilianza kutoa methadoni Desemba 2014, pale hospitali ya Mathari, Nairobi, na Malindi ikafuata 2015. Wanaoona haya kwa sababu ya dini wajue kwamba Iran inayo tiba hii kwa upana mkubwa, na Malaysia iliianza 2005.

Lakini methadoni si maji. Ikichanganywa na bugizi, vile vidonge vya kulevya vya usingizi, au pombe inaweza kumzima mtu usingizini, na dozi ya mtu mzima humuua mtoto. Mwalimu, baadhi hupunguziwa taratibu wakamaliza. Wengine wataihitaji miaka mingi, kama mwenye sukari na insulini.

NAHODHA, Lamu

Mimi ninakunywa. Sitasema mengi.

Nilikuwa mtu wa dago, kuvua na kulala huko mbali, siku kumi, kumi na tano nje na wenzangu. Sasa siwezi, kikombe kiko bara na samaki wako mbali. Nimebaki kutengeneza nyavu za watu. Na Ramadhani ya kwanza nilidhani nitalazimika kula mchana kwa ajili ya dawa, nikalia. Ungeniuliza kama nitarudi kwenye unga, sirudi. Ila niulizeni pia kama nimerudi kwenye kazi yangu.

DADA WA BARANI

Nahodha, umenikalisha chini. Nimekusoma mara mbili.

Mwalimu, wale askari walipanda ndege wakavuka bahari, vita na maskani vikabaki huko. Ndugu yangu akitoka kunywa dozi, anapita mbele ya maskani yake ya zamani kabla hajafika nyumbani. Waliomfundisha kuvuta wamekaa palepale kwenye lile gogo la mwembe. Kwa hiyo mfano wako naukubali, tena naona unanisaidia: kama mahali ndipo panapomrudisha mtu, basi huyu asiye na pengine pa kwenda anahitaji kitu cha kumshikilia papo hapo alipo. Nakukubalia kwamba kikombe peke yake hakimpi kazi. Na swali lako la "mpaka lini" ni haki ya mgonjwa mwenyewe kumuuliza daktari wake na kujibiwa, kwa faragha. Si letu la kuamulia hitimani.

Ninalolitaka tulibishanie sasa ni hili la Nahodha. Mtu aliyekaa miaka miwili bila unga, vipimo vyake safi, kwa nini asipewe dozi za siku kadhaa akaenda nazo dago? Muuguzi, najua utasema zitauzwa, au mtoto ataikuta chupa. Hofu hiyo ni ya kweli, mimi mwenyewe nina wadogo nyumbani. Je, haiwezekani zikafungiwa kwenye kisanduku, ufunguo akakaa nao mwenye chombo? Nani kati ya wenye majahazi humu angekubali kuwa mshika ufunguo?

Ijumaa baada ya sala nitakwenda kwa yule mzee na birika la kahawa. Ndugu yangu amekubali kuja, na amesema atakayeongea ni yeye.