Naomba ushauri: harufu ya salfa kwenye bita (bia chungu) ya Kiingereza, ni maji au ni mwanga?

Wakuu, naomba msaada wa wenye pua. Bia ni bita ya dhahabu, asilimia 5, chupa ya nusu lita ya kioo kisicho na rangi, chachu hai imelala chini.

Chupa ilisimama wima saa 24, ikapozwa hadi nyuzi 12 (baridi ya lager huua harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu), ikamiminwa polepole kwa mkupuo mmoja. Sentimita 2 za mwisho zimebaki na chachu yake. Ladha haina neno: biskuti ya kimea, ganda la chungwa, kisha uchungu mkavu unaong'ang'ania nyuma ya ulimi.

Shida ni mnuso wa kwanza: unanuka salfa. Maji ya Burton upon Trent, mji wa bia huko Uingereza, yana jasi nyingi (madini yenye salfa), na bia za huko hujulikana kwa harufu ya njiti ya kiberiti, ambayo hupotea upesi glasini. Ila chupa isiyo na rangi ikipigwa na mwanga, viini vichungu vya hopsi huvunjika na kutoa uvundo wa kicheche, na huo hauondoki. Hapa harufu imepungua baada ya dakika 5, haijaisha. Au pua imeshazoea tu?

Nafikiria kugawa chupa ya pili: glasi moja juani, nyingine gizani, zote zimefunikwa, kisha nilinganishe. Dakika ngapi za jua zinatosha? Na kuna dalili ya mdomoni inayotenganisha hizi mbili?