Naomba ushauri: mdogo wangu atazame msimu wa 9 wa How I Met Your Mother, au tuishie hapa?

Binti wa Ilala (mleta mada)

Wanajamvi, salaam. Natanguliza onyo kwamba uzi huu unataja mwisho wa tamthilia, hivyo asiyeimaliza na apite kando.

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mimi na mdogo wangu wa kike aliye kidato cha sita hutazama How I Met Your Mother, ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani kuhusu marafiki watano wa New York (Ted, Robin, Barney, Marshall na Lily) ambao jioni zao nyingi huishia kwenye baa ya MacLaren's; Ted, akiwa mtu mzima, ndiye anayewasimulia watoto wake jinsi alivyokutana na mama yao. Mimi niliimaliza zamani, lakini kwake ni mara ya kwanza. Juzi tumefika mwisho wa msimu wa 8, pale yule mama anayesubiriwa tangu mwanzo anapoonekana sura akikata tiketi ya treni, na mdogo wangu alishangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Sasa baba ametujulisha kupitia kwa shangazi kwamba anakusudia kuoa, na anayekusudia kumwoa ni rafiki wa familia ambaye tangu utotoni tumekuwa tukimwita mama mdogo kwa heshima tu. Mdogo wangu hataki hata kulizungumza jambo hilo. Waliotazama hadi mwisho wameshaelewa ninakoelekea: msimu wa 9 unafunga kwa kutuambia kwamba mama wa wale watoto alifariki mwaka 2024, miaka sita kabla ya baba yao kuketi kuwasimulia, na kwamba masimulizi yote yale yalikuwa njia ya kuwaomba ruhusa amrudie Robin, ambaye wao humwita shangazi. Sichelei sana kwamba atalia. Ninachochelea ni kwamba atadhani nilipanga tangu mwanzo, kwa niaba ya baba. Je, tuishie msimu wa 8, nimwambie mapema, au ninyamaze?

Mzee wa Manukuu

Pole kwa msiba, dada. Kuishia msimu wa 8 hakutasaidia, kwa sababu mtu aliyekwisha kuiona sura ya yule mama hawezi kulala. Atautafuta msimu unaofuata kwenye simu yake, usiku, akiwa peke yake, na hilo ndilo baya kuliko yote uliyoyataja. Isitoshe, msimu wenyewe una burudani ya halali. Episodi zake 24, zilizorushwa na kituo cha televisheni cha CBS kuanzia tarehe 23 Septemba 2013 hadi 31 Machi 2014, karibu zote zinahusu mwishoni mwa juma mmoja tu wa harusi ya Barney na Robin huko Farhampton. Ipo hata episodi inayosemwa yote kwa vina, Marshall akimbembeleza mwanawe ndani ya basi. Nakiri kwamba huyo Marshall anakaa njiani nusu ya msimu mpaka mtazamaji anachoka kabla yake.

Mama Nasra

Mwanangu, kabla sijasema lolote nataka kujua jambo moja. Baba yake Marshall alipofariki katika msimu wa 6, pale Lily anaposhuka kwenye teksi na kumpa mumewe habari, mdogo wako alifanyaje?

Binti wa Ilala

Shikamoo mama. Siku hiyo hakulia. Episodi iliyofuata, ya mazishi, ambapo Marshall anahangaika na ujumbe wa mwisho ambao baba yake alimwachia kwenye simu, aliomba tuisimamishe kidogo. Akaingia chumbani, akatoka na simu ya marehemu mama, tukasikiliza ujumbe wa sauti ambao mama anamwagiza vitunguu na kumwonya kuhusu chenji. Tulicheka, kisha akasema tuendelee.

Mama Nasra

Marahaba. Basi kifo hakitamshinda, maana amekwisha kukitazama na amejua la kufanya nacho. Umebaki na hilo la pili.

Kaka Diski

Kuna njia nyepesi. Seti za DVD zilizotoka mwaka 2014 zina mwisho mwingine, ambamo yule mama hafi. Ted anakutana naye kituoni mvua ikinyesha, chini ya mwavuli wa njano, na hadithi inaishia hapo. Mimi huutazama huo tu. Mwoneshe huo, mambo yaishe.

Mgane wa Tanga

Kaka Diski, kwa mtu mwingine ningekuunga mkono, lakini binti huyu akija kugundua kwamba dada yake alimchagulia mwisho, lile wazo la njama litapata ushahidi.

Nazungumza kama baba niliyefiwa na mke na kuoa tena nikiwa na watoto wakubwa. Lililonikera katika mwisho ule ni wale watoto. Mama yao ametajwa kufa kwa sentensi chache na picha moja ya kitanda cha hospitali, hakuna mazishi, na papo hapo wanacheka na kumsukuma baba yao aende kwa Robin. Wangu hawakucheka, na sikutarajia wacheke. Mdogo wako anapaswa kujua kwamba tukio lile lilirekodiwa mwaka 2006, wakati waigizaji wale wawili wangali wadogo, ili wasije wakaonekana wamekua; Carter Bays na Craig Thomas, waliobuni tamthilia hii, wakalihifadhi miaka yote hadi 2014. Kwa hiyo watoto wale wanamruhusu baba yao kuhusu mama ambaye hata mwigizaji wake alikuwa bado hajapatikana. Si kipimo cha mtoto yeyote aliyefiwa kweli, na mwambie hivyo kabla hajafika huko.

Mtazame pamoja naye kwa utulivu episodi ya 16, ambayo kwangu ndiyo bora ya msimu. Ni hadithi ya yule mama mwenyewe: mwaka 2005, siku ya kuzaliwa kwake, anapigiwa simu kwamba mpenzi wake Max amefariki, na anachukua miaka mingi mpaka siku anapozungumza na marehemu na kumwomba amwache aendelee na maisha. Hapo anayefiwa anaamua mwenyewe, kwa wakati wake, bila kusukumwa na mtu.

Binti wa Ilala

Nashukuruni sana. Nimeamua kumwambia kesho, kabla ya episodi ya kwanza, kwamba mama anafariki na kwamba baba anamrudia Robin, na kwamba mimi sikutumwa na mtu. Akitaka tuendelee, tutaendelea hadi mwisho uliorushwa, kisha ule wa kwenye DVD, achague unaomfaa. Suala la baba nitaliacha kwa shangazi.

Mzee wa Manukuu

Uamuzi mzuri. Ile episodi ya 14, ya kuzabana makofi, mnaweza kuiruka bila hasara. Watayarishaji wenyewe waliomba radhi kwa namna walivyowavalisha waigizaji wao kama Waasia.

Mama Nasra

Utuletee mrejesho, mwanangu, hasa wa hiyo ya 16.