Programu ni ya bure, kwa hiyo na nembo yangu ni ya bure? Huyu bwana wa Mnara wa Saa amenivunjia heshima

Mchoraji wa Kijenge (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ninaandika uzi huu mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa sababu jambo lenyewe limetokea leo asubuhi na hata chai niliyoagiza sikuimaliza. Yule bwana mnamjua. Sitataja jina lake wala la kampuni yake, lakini kila aliyewahi kupita Mnara wa Saa hapa Arusha kati ya saa tatu na saa tano asubuhi amemwona, na kofia yake ya kaki, simu tatu zikiwa zimepangwa mezani kama karata, na gari lake la watalii lenye simba mlangoni. Yule simba ambaye watoto wa shule wakipita humwita paka.

Kwa wiki tatu nilimfanyia kazi ya nembo mpya. Tulikubaliana laki nne, na suala la tovuti tungelizungumza nembo ikishakamilika. Nilichora Mlima Meru unavyoonekana kutoka Kijenge kabla mawingu hayajaufunika, nikaupunguza mistari siku hadi siku mpaka ikabaki mitatu tu, ili nembo isomeke kwenye kofia iliyodariziwa sawasawa na inavyosomeka kwenye bango la barabarani. Anayedhani kuchora mistari mitatu ni kazi ya dakika tatu, na ajaribu.

Leo nimempelekea. Nilifungua kompyuta mpakato mbele yake, na kwa kuwa nilikuwa bado ninarekebisha nafasi kati ya herufi za jina la kampuni, sehemu ya maandishi ilikuwa wazi. Akatazama kidogo, akauliza, "Kijana, hii umechorea nini?" Nikamjibu kwa uaminifu kwamba nimechorea Inkscape. Akauliza inauzwa bei gani. Nikamweleza kwamba haiuzwi, kwamba ni programu huria na mtu yeyote huipakua bila malipo. Wakuu, yule bwana alicheka kicheko ambacho nina hakika kilisikika Tengeru. Meza zote ziligeuka. Muuza magazeti alisimama. Kisha akatoa noti ya elfu kumi, ule msimbazi wenye tembo, akaiweka juu ya kibodi yangu, akaigandamiza kwa kidole na kusema: "Kama programu ni ya bure, na nembo ni ya bure. Hii chukua ya nauli."

Juu ya kibodi, wakuu. Hakuniwekea mezani wala hakunipa mkononi. Kidole chake kiliendelea kuigandamiza ile noti, na kwenye skrini, katikati ya jina la kampuni yake mwenyewe, zikaanza kujipanga herufi za j, moja baada ya nyingine, hadi zikavuka Mlima Meru na kutoka nje ya ukurasa. Nilizitazama zile j zikiongezeka na sikuweza kusema neno.

Hakutosheka. Alisema mpwa wake ana Photoshop, "programu ya watu waliosoma", na kwamba ataimalizia kazi hiyo jioni. Huyo mpwa naye mnamjua. Tangu mwaka 2013, Adobe, wenye Photoshop, walipotangaza kwamba matoleo mapya ya programu zao yatatumika kwa malipo ya kila mwezi au ya mwaka, kijana yule hajalipa hata senti moja. Photoshop yake ilikuja kwenye flashi ikiwa imevunjwa kufuli, na kila akiiwasha lazima kwanza azime intaneti. Kwa hiyo mimi niliyepewa programu kwa ridhaa ya walioitengeneza ndiye niliyetupiwa nauli, na aliyeiba ndiye msomi.

Na hata kama angeilipia, Photoshop ni chombo cha picha. Picha imejengwa kwa vijimraba vya rangi, ukiikuza vijimraba vinakua nayo, na ndivyo simba alivyogeuka paka. Nembo inatakiwa ichorwe kwa vekta, yaani mistari ambayo kompyuta huikokotoa upya kwa kila ukubwa, na hiyo ndiyo kazi ya Illustrator tangu mwaka 1987, ya CorelDRAW tangu mwaka 1989, na ya Inkscape tangu mwaka 2003. Faili langu ni la SVG, mtindo wa wazi wa kuhifadhi michoro ya vekta, uliopitishwa mwaka 2001 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, na lingefunguka hata kwenye kivinjari cha mojawapo ya zile simu tatu, kama angejaribu kulifungua badala ya kuniwekea noti juu ya kibodi.

Nilichagua programu hiyo kwa sababu inafanya kazi ninayoihitaji na ninaweza kuitumia bila kumwibia mtu. Ningetumia mkaa ukutani, Meru ingekuwa ileile. Lakini noti juu ya kibodi! Mbele ya muuza magazeti!

Nawasilisha.

Fundi Stika

Pole sana, mkuu. Huyo bwana ninamfahamu vizuri, na yule paka wa mlangoni nilimkata mimi, kwa hiyo ninaomba radhi kwa wakazi wote wa Arusha. Aliniletea picha ya WhatsApp yenye ukubwa wa kiberiti, akataka simba wa mita moja. Sasa mashine ya kukata stika ina kisu, na kisu hufuata mstari. Picha ya namna ile haina mstari wowote wa kufuata. Nilikaa saa nne nikimzungushia simba mistari kwa mkono, nukta kwa nukta, na kwa kuwa masharubu hayakuonekana kabisa, masharubu niliyabuni mwenyewe. Alipoyaona alisema hayo ndiyo aliyoyapenda zaidi. Hadi leo ananidai nimpunguzie bei.

Hata hivyo nawe umejitakia. Wiki tatu bila malipo ya awali? Mimi hata stika ya "Usiegeshe Hapa" siikati kabla sijashika nusu.

Corel wa Zamani

Mnamwonea huruma bure. Anayeleta faili la Inkscape kwenye maduka yetu ya mabango anatafuta ugomvi, kwa sababu karibu sote tunatumia CorelDRAW, na mteja wa saa kumi na moja jioni anataka bango lake saa hiyohiyo. Nitawapa mfano. Inkscape ilipotoa toleo la 0.92 mwaka 2017, kipimo chake cha ukubwa kilihama kutoka nukta 90 kwa inchi hadi 96. Kijana wangu alifungua faili la zamani la mteja, programu ikamuuliza jinsi ya kulirekebisha, naye akajibu bila kusoma. Bango la mita tatu likatoka likiwa limepungua takribani sentimita 19. Lilikuwa la harusi. Jina la bwana harusi lilionekana, jina la bibi harusi likaingia nyuma ya nguzo ya hema, na mama mzazi wa bibi harusi alinifuata hadi dukani akiwa bado amevaa kitenge cha sherehe.

Mchoraji wa Kijenge

Mkuu, kijana wako hakusoma swali, na hilo lingetokea hata kwenye CorelDRAW. Isitoshe, CorelDRAW hupokea SVG, mradi mchoraji awe amegeuza maandishi kuwa mistari, jambo ambalo mimi hulifanya siku zote. Ninachowaomba mkitazame ni ile noti. Alikuwa na meza nzima ya kuiwekea, akachagua kibodi.

Fundi Stika

Ile noti uliichukua au uliiacha?

Mchoraji wa Kijenge

Niliiacha palepale.

Corel wa Zamani

Basi umefanya kazi ya wiki tatu na chai umejilipia mwenyewe.

Mama Kahawa wa Moshi

Wanangu, hamjambo. Mimi sielewi ugomvi huu wa mistari na vijimraba. Nembo ya pakiti zangu za kahawa niliitengeneza kwa Canva, ile programu yenye michoro iliyo tayari, kwa simu, nikiwa kwenye foleni ya benki, na zamu yangu ilipofika ilikuwa imekwisha: jani moja, kikombe kimoja na herufi za mviringo. Wateja waliipenda sana.

Shida yangu ni nyingine, na naona ni kubwa kuliko ya noti. Mwezi uliopita nilishuka Kiboriloni nikamkuta muuza mikate ana jani langu, kikombe changu na herufi zangu, vilevile kabisa, ila yeye kaandika "Mikate Bora". Mikate ina uhusiano gani na jani la kahawa? Nilimuuliza, akaniambia mimi ndiye niliyemwibia! Nataka kwenda BRELA niisajili kabla yeye hajawahi.

Mchoraji wa Kijenge

Shikamoo, mama. Samahani kwa habari hii, lakini hakuna aliyemwibia mwenzake. Michoro ya maktaba ya Canva imewekwa kwa matumizi ya kila mtu, na masharti yao yanasema wazi kwamba nembo iliyojengwa kwa michoro hiyo haiwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara, kwa kuwa haki yako juu yake si ya peke yako. Canva inafaa sana kwa mabango ya mtandaoni na kadi za mwaliko, nami huitumia. Kwa nembo, umbo lenyewe lazima lichorwe upya na mtu, kwa ajili yako.

Mama Kahawa wa Moshi

Marahaba, mwanangu. Kwa hiyo yule wa mikate siwezi kumshtaki?

Mchoraji wa Kijenge

Huwezi, mama, na yeye hawezi kukushtaki wewe.

Mama Kahawa wa Moshi

Mimi nitarudi Kiboriloni hivyohivyo.

Msoma Msimbo

Wakuu, nimetoka kufungua tovuti ya huyo bwana wa kofia ya kaki, ile anayoisifia kwamba ilimgharimu mamilioni. Nimetazama msimbo wa ukurasa, na neno "wp-content" limejaa kuanzia juu hadi chini. Kwa wasiofahamu, hiyo ni alama ya WordPress, programu huria ya kujengea tovuti iliyozaliwa mwaka 2003, mwaka uleule wa Inkscape, na haiuzwi hata kwa shilingi moja. Kwa kanuni yake mwenyewe, basi, tovuti yake ni ya bure na safari anazoziuza humo ni za bure. Naomba nafasi mbili za Ngorongoro, na nitamwekea elfu kumi kwenye usukani.

Fundi Stika

Mimi nafasi nne. Nina watoto.

Mchoraji wa Kijenge

Ahsante sana, Msoma Msimbo. Hilo ndilo nililoshindwa kumwambia pale mezani, kwa sababu nilikuwa ninazitazama zile j. Nguvu ya WordPress inaendesha tovuti yake, aliyeipanga alilipwa kwa maarifa yake, na hakuna aliyemgandamizia noti kibodini.

Mkazi wa Rau

Kwa kuwa mmeitaja WordPress, naomba nami nitoe dukuduku langu, kwa sababu hili la noti linaweza kusubiri. Nina nyumba ya wageni hapa Moshi. Miaka miwili iliyopita kijana mmoja, ambaye nanyi mnamjua, alinijengea tovuti nzuri sana, yenye picha ya Kilimanjaro na kitufe cha kuwekea nafasi. Nililipa kila kitu kwa wakati. Wiki iliyopita mgeni wa kutoka Ujerumani ananiuliza kwa nini tovuti yangu inauza viatu. Kuangalia, kumbe muda wa jina la tovuti ulikwisha, halikulipiwa, na mtu mwingine amelinyakua! Namba ya kijana haipatikani tangu Januari. Kibo yangu yote imeondoka, vimekuja viatu!

Msoma Msimbo

Pole, kaka. Ilikuwa ya .co.tz au ya .com?

Mkazi wa Rau

Nilikuwa nazo mbili. Ya .com ndiyo yenye viatu. Ya .co.tz haifunguki kabisa.

Corel wa Zamani

Hawa vijana wa tovuti ni walewale. Mimi yangu ilijengwa kwa programu ya kuburuta na kuachia, kila kitu kimefungwa kwa kampuni moja, na nilipotaka kuhamia kwingine niliambiwa nianze upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Angalau WordPress unaifungasha faili zake na hifadhidata yake ukahama nazo.

Mkazi wa Rau

Nizifungashe vipi wakati nywila anazo yeye?

Mchoraji wa Kijenge

Wakuu, ninawaomba turudi kidogo kwenye jambo la asubuhi. Nimeambiwa mpwa ameshaanza kazi na ameomba apewe faili langu la SVG kwa sababu Photoshop yake "inaukata mlima vibaya". Faili halitoki bila laki nne, na safari hii fedha zije mkononi.

Mama Kahawa wa Moshi

Usimpe, mwanangu. Mkazi wa Rau, hiyo nyumba yako ni ile ya karibu na msitu? Nilipiga simu mwezi uliopita haikupokelewa.

Mkazi wa Rau

Ndiyo hiyo, mama, na namba uliyoiona kwenye tovuti ni ya yule kijana.

Msoma Msimbo

Kaka, jambo la kwanza ni kujua jina la .co.tz lilisajiliwa kwa barua pepe ya nani. Ikiwa ni yako, huenda msajili akakurudishia ukilipia.

Mkazi wa Rau

Nimeuliza. Ni ya shemeji yake.

Msoma Msimbo

Na shemeji yake yupo wapi?

Mkazi wa Rau

Dubai.