Maganda ya Vita vya Kwanza: ninunue Barnes, Huon ama Labbett?

kisauni_kwetu: Salaam wakuu. Nna maganda ya risasi yalookotwa upande wa Taveta zamani, matupu yote, nataka kitabu cha kuyatambua lakini pesa ni ya kimoja tu na mwajua kuagiza ng'ambo mpaka kifike Mombasa ushuru wake. Nawaza Cartridges of the World cha Frank Barnes, kile cha Jean Huon cha risasi za jeshi, ama cha Labbett na Mead cha .303. Nichukue kipi?

mzee_makadara: Barnes. Kipo tangu 1965 na chachapwa tena na tena, majedwali ya vipimo tele, ukiwa na kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, wapima urefu wa ganda na upana wa kitako wapata jina. Milimita 56 na ukingo umetokeza kitakoni hiyo .303 ya Mwingereza, 57 na kitako hakina ukingo ila kijifereji hiyo Mauser ya Mjerumani.

likoni_feri: Sasa yakhe jina la risasi si atalijua kwa siku moja tu? Utamu uko kwenye herufi za kitakoni na Barnes hapo ni mkavu. Ukiona K 15 VII, K ni kiwanda cha Kynoch cha Birmingham, 15 ni mwaka 1915, VII ni Mark VII, yaani toleo la saba la .303, ilioanza 1910. Labbett na Mead wameishughulikia .303 tu, Mark moja baada ya nyingine mpaka utachoka wewe.

mwembekuku: Na akiwa na la Mjerumani Labbett atamsaidia nini? Hayo huandikwa S67, hiyo 67 ni asilimia ya shaba nyekundu kwenye ganda. Halafu askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, walianza vita na bunduki za 1871, milimita 11, baruti nyeusi, akifyatua moshi watoka kama jiko la kuni mbichi adui ashamuona. Huon ana pande zote.

kisauni_kwetu: Yangu mengi yana VII lakini. Na kuna mtu aniuzia kitabu cha Hackley, Woodin na Scranton bei poa.

likoni_feri: Hicho ni cha jeshi la Marekani, juzuu ya kwanza 1880 hadi 1939, Taveta hakikuhusu. Kama mengi ni VII chukua Labbett, ila usikimbilie kusema hapa alilala Mwingereza, kwenye vita vya Tanga Novemba 1914 Wajerumani walimshinda Mwingereza wakazoa bunduki mamia na risasi kama laki 6 za .303 wakazipigia huko mbele.

mzee_makadara: Haya nimekubali, Barnes utaazima kwangu. Lakini angalia fataki pale katikati ya kitako, kila moja, iwe na kidimbwi cha pini ya bunduki, alama kwamba ilishapigwa. Ikiwa laini na kichwa bado kimekaa hiyo ni risasi nzima, na bila cheti cha silaha ni kesi hata iwe ya 1915. Usiitie kwa begi ukapanda nayo matatu, waite polisi waje.

kisauni_kwetu: Yote yana kidimbwi shekhe. Kalipa pia nitaazima?