Nozeli za maji ya waipa zimeziba, gereji inabadilisha pampu: utaratibu huu ni wa nani?

Ndugu zangu wenye magari, pamoja na nyinyi mafundi mnaopita humu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitajitahidi kuificha. Nilipeleka gari gereji kwa sababu maji ya kuoshea kioo cha mbele yalikuwa hayafiki kwenye kioo: upande wa dereva hayakutoka kabisa, na upande wa abiria yalichuruzika kwa shida na kuishia juu ya boneti. Kabla boneti yenyewe haijafunguliwa nikaambiwa kwamba pampu imekufa. Pampu ikabadilishwa, nikalipa, nikabonyeza swichi, na hali ikawa ile ile. Niliporudi kulalamika, fundi yule yule, bila kuona haya, akasema kwamba sasa tatizo litakuwa ni swichi ya kwenye usukani na kwamba nayo inapaswa kununuliwa.

Hebu tufikiri pamoja kwa utulivu, ingawa mimi utulivu umenipungukia. Pampu ilikuwa inasikika ikinguruma kila nilipobonyeza swichi. Upande mmoja ulikuwa unatoa maji, hata kama ni kidogo. Pampu iliyokufa haingurumi, na haiwezi kupeleka maji upande wa abiria huku ikiwa maiti kwa upande wa dereva, kwa sababu katika magari mengi pampu moja ndiyo inayosukuma maji kwenye mpira mmoja, kisha mpira huo unagawanyika karibu na boneti kuelekea nozeli zote mbili, yaani vile vifaa vidogo vyenye tundu vinavyorusha maji kwenye kioo. Kama upande mmoja unapata na mwingine haupati, kasoro iko baada ya mgawanyiko huo. Kulitambua hilo hakuhitaji kompyuta ya kusoma makosa ya injini. Kunahitaji mtu aliyetulia akasikiliza gari kabla ya kuandika ankara.

Kipimo chenyewe ni kifupi kiasi kwamba naona aibu kukieleza kwa watu wanaojiita wataalamu. Boneti inafunguliwa, mpira unachomolewa taratibu kwenye shingo ya nozeli, mwisho wake unaelekezwa kwenye chombo, na mtu wa pili anabonyeza swichi. Maji yakiruka kwa nguvu kutoka kwenye mpira, basi fyuzi ni nzima, swichi ni nzima, pampu ni nzima, na mwenye kosa ni nozeli. Maji yakitoka kwa unyonge, unarudi nyuma hatua kwa hatua: kiungo cha kugawanya maji, vali ndogo inayozuia maji yasirudi kwenye tangi, mpira uliojikunja au kubanwa na bawaba ya boneti, na mwisho chujio dogo lililo pale pampu inapoingia kwenye tangi, ambalo hupenda kushika tope na utelezi. Ni pale tu pampu isiposikika kabisa ndipo unapoanza na fyuzi, kisha unapima kama umeme unafika kwenye soketi ya pampu. Umeme ukifika na pampu isizunguke, hapo mwambie mteja anunue pampu, naye atakushukuru. Mimi sikufanyiwa hata kimoja kati ya hivyo.

Jambo jingine linalonikera ni ushauri wa kuchokoa nozeli kwa pini, unaorudiwa kila mahali kama dawa ya kila ugonjwa. Kwa nozeli za zamani zenye kigololi kidogo chenye tundu, ambalo kwa kawaida ni la milimita 1 hivi au pungufu, sindano nyembamba inaweza kusaidia, na ni sindano hiyo hiyo inayotumika kuelekeza kigololi ili maji yapige kioo mahali panapotakiwa. Hata hivyo sindano inausukuma uchafu urudi ndani, na kwa kuwa nozeli haikutolewa wala kuoshwa, mwenye gari anafurahia maji yake kwa muda mfupi kisha tundu linaziba tena. Kwa nozeli za kisasa zinazotawanya maji kwa umbo la upepeo, hali ni mbaya zaidi. Ndani yake kuna chumba kidogo kilichochongwa kwa namna ambayo mkondo wa maji unayumba wenyewe kushoto na kulia kwa kasi, bila kipande chochote kinachosogea. Ukikwaruza kingo za chumba hicho kwa pini, umeharibu umbo ambalo ndilo linalofanya kazi yote, na kuanzia siku hiyo maji yatatoka yamekatika au yamepinda, hata nozeli ikiwa safi namna gani. Mtu anayechokoa nozeli ya mteja bila kutazama kwanza ni ya aina gani anapaswa kuilipia.

Njia iliyo sahihi si siri. Nozeli inatolewa kwa kubana vishikizo vyake vya plastiki kutoka upande wa chini wa boneti, kwa subira, maana plastiki iliyokaa miaka mingi karibu na joto la injini huvunjika kwa urahisi. Kama nozeli ina waya wa umeme, kama zilivyo zile zinazopashwa joto kwa ajili ya barafu, waya unachomolewa kwanza na sehemu hiyo haizamishwi majini. Kisha nozeli inalowekwa katika maji ya uvuguvugu, na ikionekana ina ukoko mweupe, inaongezwa siki nyeupe, kwa sababu asidi iliyo ndani ya siki huyeyusha chokaa. Baada ya hapo unachukua bomba la sindano lisilo na sindano, au upepo wa kompresa uliopunguzwa nguvu, na unasukuma kutoka kwenye tundu la nje kuelekea kwenye shingo ya ndani, yaani kinyume cha njia ambayo maji hupita, ili uchafu utoke pale ulipoingilia. Nasisitiza kwamba upepo wa kompresa unapulizwa kwenye nozeli iliyokwisha kutenganishwa na mpira. Nimeona watu wakipuliza kwa nguvu zote nozeli ikiwa bado imeungwa, na viungo vikafyatuka chini ya boneti mahali ambapo mkono haufiki. Kabla ya kurudisha nozeli, mpira nao unaoshwa kwa kubonyeza swichi maji yakatoka bure kidogo, la sivyo chembe zilizobaki humo zitarudi moja kwa moja kwenye tundu ulilotoka kulisafisha.

Siki hiyo, tafadhali, isiachwe ikae ndani ya tangi na mipira kana kwamba ndiyo maji ya waipa, na isimwagike kwenye rangi ya gari bila kusuuzwa.

Nageukia sasa wanaosababisha kuziba kwenyewe, kwa maana nao wana sehemu yao ya lawama. Wapo waosha magari wanaopaka nta boneti nzima kama wanaopaka mafuta sufuria, bila kukwepa nozeli, kisha nta ikikauka inakuwa kizibo cheupe. Wapo wanaojaza tangi maji ya bomba yenye chokaa nyingi. Maji yakikauka kwenye tundu, chokaa inabaki, na tabaka jipya linaongezeka juu ya lile la jana. Wapo wanaotia sabuni ya vyombo, ambayo hutoa povu, huacha utando kwenye kioo na kuganda kwenye njia nyembamba. Na wapo, tena hawa ni wa gereji, wanaoongeza dawa ya kioo ya aina nyingine juu ya ile iliyomo bila kuuliza, ilhali baadhi ya dawa zikikutana hutengeneza ute mzito kama jeli, na ute huo ukishajaa kwenye mipira hakuna pini itakayousaidia: tangi linapaswa kumwagwa, mfumo wote usuuzwe kwa maji safi, na chujio la pampu litolewe na kuoshwa.

Maji matupu yana ubaya mwingine ambao wengi hawaujui. Mwaka 2010 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kutumia maji ya waipa yasiyotiwa dawa kunahusiana na ongezeko la hatari ya ugonjwa wa Legionnaires, nimonia inayosababishwa na bakteria wapendao maji yaliyotuama yenye uvuguvugu, na ambayo mtu huipata kwa kuvuta hewani matone madogo sana ya maji. Tangi lililo karibu na injini na nozeli inayorusha manyunyu mbele ya dereva ni mazingira yanayowafaa. Kwa hiyo fundi anaponiambia «weka maji tu, haina shida», ananishauri jambo linaloziba nozeli na ambalo linaweza pia kuniumiza kifua.

Waundaji wa magari nao sitawaacha. Wanajua fika kwamba nozeli huziba. Kanuni namba 1008 ya mwaka 2010 ya Umoja wa Ulaya, pamoja na kutaka tangi lisipungue ujazo wa lita 1, iliweka kipimo ambacho nozeli zinazibwa kwa makusudi na mfumo unawashwa mara 6 ndani ya dakika 1, kila mara kwa sekunde zisizopungua 3, ili kuthibitisha kwamba mfumo unahimili. Kama kuziba kuliwekewa kipimo cha kisheria, kwa nini nozeli inafichwa chini ya kitambaa cha boneti kinachoshikwa na vibanio vinavyokatika ukivigusa mara moja? Kwa nini chujio la pampu linafikiwa baada ya kung'oa bampa, au plastiki ya juu ya tairi? Magari mengine yameweka nozeli ndani ya mkono wa waipa wenyewe, jambo zuri kwa kumwagia maji karibu na kioo, lakini ikishindikana kusafishwa unaambiwa ununue mkono mzima.

Na asije mtu hapa kuniambia kwamba ni maji tu. Nchini Marekani kifaa cha kuosha kioo kimekuwa lazima kwa magari mapya ya abiria tangu mwaka 1968, na sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kurushiwa tope na lori huku jua likimpiga usoni. Waipa ikipita kwenye kioo kikavu chenye vumbi, inaupaka uchafu badala ya kuuondoa, mchanga unakwaruza kioo, na makovu hayo hayafutiki.

Ninachodai kwa gereji ile, na kwa nyingine zenye tabia hiyo, ni mambo yanayowezekana leo hii. Mpira uchomolewe kwenye nozeli mbele ya mteja kabla ya kutajwa kwa kifaa chochote cha kununua. Pampu inayosemekana imekufa iunganishwe moja kwa moja na umeme wa betri, ikiwa na maji kwani haikuundwa kuzunguka kavu, ili mteja aone kwa macho yake kama inasukuma au haisukumi. Pampu ya zamani arudishiwe mwenyewe. Yangu niliidai nikaambiwa imeshatupwa, na natamani sana kujua kama haipo sasa kwenye gari la mtu mwingine, ikifanya kazi vizuri.

Mafundi mliomo humu, nijibuni bila kuzunguka: ni sababu gani ya kiufundi inayomfanya mtu abadilishe pampu inayonguruma na kutoa maji upande mmoja, kabla ya kutazama nozeli? Na wenye magari mliobadilishiwa pampu kwa tatizo kama hili, andikeni aina ya nozeli mlizo nazo na kilichokutwa kimeziba, ili anayekwenda gereji kesho aende akijua la kuuliza.