Tupeane uzoefu: wenye dispraksia mlioomba chuo cha ualimu, mlijipangaje?

Binti wa Kiborloni

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Uzi huu ni wa wale wenzangu ambao vitu vinawaponyoka mikononi tangu utoto.

Juzi nimeenda steshenari moja hapa Moshi mjini kujaziwa maombi ya ualimu, stashahada, form six nimemaliza mwaka jana. Nimeenda kujaziwa kwa sababu kwenye simu nilijaribu mwenyewe mara tatu nikawa nakosea namba ya mtihani, yani naisoma vizuri kabisa kwenye cheti afu vidole vinaandika kingine. Kijana wa pale anajaza fasta, foleni nyuma yangu inapumua, kufika sehemu ya ulemavu hata hakuniuliza. Akaniangalia mara moja juu mpaka chini, akabonyeza Hapana. Nikanyamaza. Nikalipa, nikaenda stendi, nikapanda hiace ya Machame wakati mimi nakaa Kiborloni, nimekuja kustuka tunavuka daraja la Karanga.

Sasa toka siku hiyo lile Hapana linanisumbua. Mimi nilikuja kujua jina la hili tatizo nikiwa form five. Binamu yangu alikuwa anasoma OT pale KCMC, wale wanaofundisha watu kufanya shughuli za kila siku, alikuja likizo akanikuta nafunga kamba za viatu akasimama tu ananitazama. Akaniuliza, ulijua kuendesha baiskeli ukiwa na miaka mingapi? Nikamwambia bado sijajua. Mwandiko? Nikamwonyesha daftari. Akanipeleka kwa wakubwa zake wakanipima siku nzima, kushika mpira, kukata karatasi na mkasi, kupanga vitu, wakasema ni dispraksia. Sio misuli, wala sio akili, ni ile mipango ya ubongo kuuambia mwili fanya hiki kisha hiki, inachelewa au inachanganya. Kwamba kwa kila watoto mia kama watano hivi wanayo, ila wengi tunaitwa wazembe mpaka tunakua. Mimi nyumbani jina langu lilikuwa "mwaga uji".

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, nyie mlijaza Ndiyo au Hapana? Pili, ubao. Nikiandika ubaoni mstari unaanzia usawa wa macho unaishia magotini. Mtu wa hivi anafundishaje?

Chalii wa Sakina

Hiace ya Machame nimecheka mpaka wife kaniuliza nachati na nani 😂 pole sana dada, ila mimi ni wewe. Mi ni mwalimu wa hisabati sekondari, digrii, na hakuna mtu aliwahi kunipima ila nikisoma maelezo yako ni kama unanichora. JKT ndo nilionja joto ya jiwe, afande anasema kulia geuka, kombania nzima imegeuka kulia mimi nimebaki natazamana na mwenzangu uso kwa uso kama tunafunga ndoa. Nilichuchumaa siku hiyo mpaka basi. Dawa yangu mpaka leo ni saa, navaa mkono wa kushoto, sivui hata nikioga, nikiwa darasani na michoro ya majira ya nukta naangalia saa kwanza. Wanafunzi wanadhani nawahi kipindi kiishe.

Kwenye fomu mi nilijaza Hapana maana sikujua kama hiki kitu kina jina.

Mama G wa Arumeru

Mdogo wangu karibu kwenye kazi. Mimi ni wa cheti, nafundisha msingi huku Arumeru mwaka wa kumi na moja huu, na mwanangu wa pili ndo aligundulika na hii hali, daktari alivyokuwa ananieleza ya mtoto mi nikawa nalia ya kwangu.

Ngoja nikupe ya ubao kwa kirefu maana hapo ndipo BTP yangu ya kwanza, yale mazoezi ya kufundisha mashuleni, ilipofia. Siku ya kwanza ya kutathminiwa mkufunzi amekaa nyuma na fomu yake, na kwenye ile fomu matumizi ya ubao yana maksi zake, usidanganywe. Nimeandika tarehe, somo, mada. Mada ikashuka. Nikajaribu kuipandisha ikawa kama mlima Meru. Chaki ikakatika mara mbili, ya tatu nikaikanyaga, nikateleza, watoto wa darasa la nne unawajua wewe. Yule mkufunzi sitamsema jina wala chuo chake, aliniambia mbele ya watoto, "mwalimu, kunywa chai kwanza." Nilitaka kurudi nyumbani kuuza ndizi.

Aliyeniokoa ni mwalimu mwenyeji wa lile darasa, mama mmoja mtu mzima kabisa. Jioni akanibakiza, akachukua uzi wa kushonea magunia, akaupaka chaki mpaka ukawa mweupe, akashika ncha huku na mimi huku, tukauvuta ubaoni, akaufyatua katikati, pah. Mstari umenyooka mwepesi hauonekani kutoka nyuma ya darasa. Kama mafundi seremala wanavyofanya kwenye mbao. Tukapiga mistari kumi. Akanifundisha na ya pili ambayo hakuna chuo kilinifundisha: unapoandika usisimame sehemu moja ukanyoosha mkono, mkono ukifika mwisho wake lazima ushuke, mwili ndo unauvuta. Tembea. Maneno mawili, hatua moja. Maneno mawili, hatua moja. Na chaki ikate nusu kabla hujaanza, ndefu lazima ikatike.

Basi ikawa kila siku nafika shule saa kumi na mbili na nusu, nina watoto wawili wa zamu wananishikia uzi, wanagombania. Na yale maelezo marefu ubaoni siandiki kabisa, naandika kwenye manila usiku nyumbani na rula na penseli, asubuhi nabandika. Kwenye tathmini ya pili nikapata maksi za zana mpaka nikashangaa, mkufunzi mwingine huyo, kumbe manila zangu ndo zilikuwa nzuri kuliko za wote, kwa sababu wenzangu hawakuwa na sababu ya kukesha nazo.

Kamanda_TZ

Siku hizi kila mtu ana ugonjwa wenye jina la kizungu. Sisi tulichapwa mwandiko ukanyooka. Kama huwezi kuandika ubaoni ualimu wa nini, mbona kazi zipo nyingi

Mama G wa Arumeru

Kaka mimi nilichapwa pia. Fimbo za mwandiko kuanzia la pili mpaka la saba, hesabu mwenyewe. Mwandiko ni uleule. Kilichonyoosha ni uzi wa magunia.

Mkufunzi Mstaafu

Marahaba binti yangu, na wengine wote hamjambo.

Nimefundisha vyuo vya ualimu mikoa mitatu kabla sijarudi kulima parachichi huku Siha, nitajibu la fomu maana la ubao Mama G amelimaliza.

Kile kisanduku kina kazi moja tu, kuingia kwenye takwimu na kwenye faili lako. Ukijaza Ndiyo usitegemee kwamba ukifika chuoni utakuta mtu anakusubiri getini na msaada. Faili litawekwa kabatini. Lakini ukijaza Hapana, halafu mwaka wa pili ukaja kwangu unasema mwalimu naomba muda wa ziada kwenye mtihani, nitafungua faili nitakuta Hapana yako mwenyewe, na hapo mkono wangu unakuwa mfupi. Baraza la mitihani huwa wanatoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, ila hawaulizani na mtahiniwa mmoja mmoja, ombi linapita kwa mkuu wa chuo, na linataka uthibitisho wa daktari, na linataka mapema. Wanachuo wengi wanakumbuka wiki mbili kabla ya mtihani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo na inakulinda usibaguliwe kwenye elimu, lakini sheria haijui jina lako mpaka ulitaje.

Kwahiyo, ile ripoti ya pale KCMC itoe kopi tatu. Moja iende na fomu ya afya ya kujiunga. Moja mpe mkufunzi mlezi wako mkononi, wiki ya kwanza, kwa maneno yako, wala usimwambie jina la kitaalamu tu maana hatalijua, mimi mwenyewe nimefundisha miaka yote hiyo na nilikuwa silijui. Mwambie: mwalimu, ukiniagiza vitu vitatu kwa mpigo nitafanya kimoja, niandikie. Hapo ataelewa. Ya tatu baki nayo.

Kuna mwanachuo mmoja wangu, wa kiume, andalio la somo lake lilikuwa na mwandiko wa kuku. Nilimrudishia mara nne. Leo nikisoma uzi huu ninajiuliza.

Dada wa Mbuyuni

Dada yangu yuko Uingereza alisomea ualimu huko, ile PGCE ya mwaka mmoja, na yeye anayo hii kitu. Anasema kule ukishaitaja wakati wa kuomba, chuo kinapaswa kukuwekea mazingira kwa sheria yao ya usawa nayo ya 2010, na kuna fungu la wanafunzi wenye ulemavu linaweza kulipia hadi kompyuta na programu ya kuandika kwa sauti. Ila anasema hata kule ana marafiki walificha wakiogopa kuonekana hawafai kusimamia darasa. Naona woga ni uleule tu. Ah na yule kijana aliyecheza Harry Potter, Daniel Radcliffe, naye alishasema hadharani anayo.

Zao la Patandi

Nimechelewa kuuona huu uzi. Nimesomea elimu maalum pale Patandi, Tengeru, na mimi mwenyewe ni wa kundi hili kwahiyo wanachuo wenzangu walikuwa wananifanyia mazoezi 😅

Dada watu wamekupa ubao, mi nakupa bweni, maana kabla ya ubao kuna bweni. Fomu ya kujiunga ikija utaona wanataka ndoo, fyekeo, jembe, rimu ya karatasi, viatu vyeusi. Viatu nunua vya kusukuma mguu tu, achana na kamba, saa kumi na moja na nusu kuna mchakamchaka na giza na hutaki kuwa unapiga magoti korido unatafuta tundu la kamba. Fyekeo peleka ila omba kubadilishana zamu. Sitanii. Mimi wiki ya pili nilifyeka majani nikafyeka na gambuti ya mwenzangu, bahati ilikuwa gambuti. Tangu hapo nikawa namwagilia maua na kudeki bwalo, hakuna aliyelalamika.

Uji wa asubuhi usibebe kikombe kimejaa. Kunywa nusu, rudi tena.

Afu OT wangu alinifundisha kitu ambacho bado natumia, maneno manne, lengo, panga, fanya, kagua. Wamekitoa Canada huko. Unachukua kazi moja, sio "nijue kuandika ubaoni" hapana, kazi ndogo kabisa mfano "niandike tarehe imenyooka." Unapanga kwa mdomo, unasema kwa sauti nitaanzia wapi, mguu utakaa wapi. Unafanya. Unakagua umekosea wapi, unapanga upya. Nilivyofika kwenye andalio la somo nikaona hee, si ndo hilohilo, malengo, hatua, tathmini. Wenzangu walikuwa wanalichukia andalio la somo, mimi nilikuwa nimeishi nalo tangu niko la sita. Na alinisisitiza mazoezi ya jumla hayasaidii sana, ukitaka kuandika ubaoni fanya mazoezi ya kuandika ubaoni, kudaka mpira hakutakusaidia ubaoni.

Kingine, kabla BTP haijaanza nenda ile shule Jumapili, tembea njia nzima kutoka kituo cha daladala mpaka darasani, hesabu milango. Na wewe mtu wa hiace ya Machame fanya mara mbili.

Chalii wa Sakina

"Walikuwa wananifanyia mazoezi" 😂😂

Binti wa Kiborloni

Nimewasoma wote, asanteni sana, wengine nimesoma nikiwa na machozi na wengine na kicheko. Kamanda na wewe asante bana.

Mzee nimetoa kopi tatu leo, shilingi mia mia. Mama G ule uzi nimeupata kwa baba, mlango wa banda la ng'ombe ni mbao nyeusi imepakwa oili chafu, ni ubao kabisa. Mdogo wangu kashika huku mi nimeshika huku, tumefyatua, mara ya kwanza chaki yote imeniingia machoni. Jioni mama katoka kukamua ananiuliza nani kaandika "Tarehe" mara kumi na sita kwenye mlango wangu. Kuanzia ya kumi na moja zimenyooka.

Dirisha la maombi bado liko wazi, nataka Jumatatu nirudi pale nimwambie abadilishe ile Hapana. Sasa na foleni ile nitajielezaje jamani, mi nikiharakishwa hata jina langu nakosea.

Mkufunzi Mstaafu

Binti yangu usijieleze. Andika kwenye karatasi nyumbani, "kipengele cha ulemavu, badilisha kiwe Ndiyo," na namba yako ya mtihani chini yake kwa herufi kubwa. Mpe karatasi.

Mama G wa Arumeru

Na uende saa mbili kamili wakati ndo anafagia. Hiace za mjini zinatokea Himo, wewe panda yoyote inayoelekea jua likiwa mgongoni 😂